Sasisho Likigoma kwenye Mashine Pepe ya Zamani: Namna ya Kutafuta Chanzo na Kukiondoa

Mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine) iliyokaa miaka kadhaa bila kuguswa huwa na tabia moja: hufanya kazi yake vizuri hadi siku utakapoiambia ijisasishe. Siku hiyo hutoa ujumbe wa kosa ambao mara nyingi hautaji kasoro yenyewe, bali matokeo yake ya mwisho. Kifurushi hakikupatikana, saini haikukubalika, diski imejaa, amri imekatwa katikati ya kazi. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mimi mwenyewe kutafuta chanzo. Umelenga zaidi mifumo ya Linux ya Debian, Ubuntu na jamii ya CentOS, kisha Windows imepewa sehemu yake karibu na mwisho.

Kwenye mashine ya namna hii ni nadra sasisho lenyewe kuwa na ila. Kilichotokea ni kwamba mazingira yake yamesonga mbele, yaani saa, anwani za seva, vyeti vya usalama, funguo za saini na hata aina ya prosesa inayotakiwa, wakati mashine imebaki palepale ilipoachwa. Kwa sababu hiyo tunaanza nje, kwenye mashine mwenyeji, yaani kompyuta halisi inayoibeba mashine pepe, na kuingia ndani hatua kwa hatua, tukibadilisha kitu kimoja tu kabla ya kujaribu tena. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo hata akifaulu hatajua ni kipi kilichosaidia, na akishindwa atakuwa ameongeza makosa mawili mapya juu ya lile la awali.

Hatua ya kwanza: Weka njia ya kurudi

Kabla ya kuandika amri yoyote, zima mashine kwa utaratibu wake wa kawaida, kisha uichukulie snapshoti, yaani picha ya hali yake unayoweza kuirudia, ikiwa imezimwa. Snapshoti ya mashine inayoendelea kufanya kazi inaweza kubeba pia hali ya RAM, na ukiirejesha baadaye mashine itaamka ikiamini kwamba bado ni saa ileile uliyoichukulia, jambo ambalo huzaa makosa yake yenyewe, kama tutakavyoona. Fahamu pia kwamba snapshoti si nakala rudufu, kwa kuwa huegemea faili la diski la awali. Faili hilo likiharibika, snapshoti nayo imekwenda. Ikiwa data iliyomo ina thamani, nakili faili zima la diski, liwe la qcow2, vdi au vmdk, uliweke kwenye diski nyingine.

Hatua hii ina sehemu ya pili ambayo wengi huiruka, nayo ni kuangalia nafasi iliyobaki kwenye mashine mwenyeji. Diski pepe nyingi hutengenezwa ili zikue kidogo kidogo: ndani, mashine inaona GB 40, lakini nje faili lake lina GB 11 tu, na kila kinachoandikwa ndani huliongeza. Snapshoti nayo hula nafasi, kwa sababu tangu ilipochukuliwa kila badiliko huandikwa pembeni. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikichunguza mashine iliyokuwa ikiganda kila sasisho lilipofika kwenye kufungua vifurushi. Ndani `df -h` ilionyesha nafasi tele, logi hazikuwa na kosa lolote, na skrini ilikuwa imesimama tu. Nilipokuja kutazama upande wa mwenyeji, ambao ulikuwa ukitumia KVM, teknolojia ya Linux ya kuendesha mashine pepe, niliandika amri hizi mbili:

virsh list --all
virsh domblkerror seva-ya-zamani

Ya kwanza ilisema mashine ilikuwa `paused`, na ya pili ikajibu `vda: no space`. Diski ya mwenyeji ilikuwa imejaa, na KVM ilikuwa imeisimamisha mashine ili isiharibu data. Nilifuta picha chache za usakinishaji zisizohitajika, nikaandika `virsh resume`, na sasisho likaendelea kutoka neno lilelile lilipokuwa limekatika. Tangu siku hiyo naanza na `df -h` ya mwenyeji.

Hatua ya pili: Tafuta kosa la kwanza

Macho huvutwa na mstari wa chini kabisa kwenye terminali, lakini mstari huo kwa kawaida ni mtoto wa kosa lililotokea mistari ishirini juu yake. Hifadhi matokeo yote kwenye faili, na uyapate kwa Kiingereza asilia hata kama mashine imewekwa lugha nyingine, kwa sababu ni rahisi zaidi kutafuta maana ya ujumbe ambao haujatafsiriwa:

LC_ALL=C apt-get update 2>&1 | tee /root/sasisho.log

Kisha lisome faili kuanzia juu, ukitafuta mstari wa kwanza unaoanza na `E:`, `W:` au `Err:`. Mathalani, utakuta mfululizo wa namna hii:

E: Release file for http://deb.debian.org/... is not valid yet (invalid for another 3h 41min 12s). Updates for this repository will not be applied.
W: Some index files failed to download. They have been ignored, or old ones used instead.

Mstari wa pili ni wa hatari kuliko unavyoonekana. Unasema kwamba orodha mpya za vifurushi hazikupatikana, kwa hiyo zile za zamani zitatumika. Ukiandika `apt-get upgrade` baada ya hapo, unaweza kuambiwa kwamba hakuna kifurushi hata kimoja cha kusasisha, ukafurahi na kufunga terminali, ilhali mashine haijaona orodha mpya tangu mwaka juzi. Tena kosa halisi lilikuwa mstari wa kwanza, nalo linahusu saa tu.

Ikiwa kosa lilitokea siku zilizopita na matokeo hayakuhifadhiwa, yatafute kwenye `/var/log/apt/term.log` na `/var/log/dpkg.log` kwa Debian na Ubuntu, au `/var/log/yum.log` na `/var/log/dnf.log` kwa jamii ya CentOS.

Hatua ya tatu: Linganisha saa

Andika `date -u` ndani ya mashine pepe, kisha andika hiyohiyo kwenye mashine mwenyeji. Tofauti ya sekunde chache si neno. Tofauti ya saa au siku inatosha kukataliwa na hazina ya vifurushi (seva inayovigawa), kwa sababu faili linaloorodhesha yaliyomo hubeba tarehe ya kutengenezwa na mara nyingi tarehe ya kuisha, na vyeti vya HTTPS navyo vina tarehe zake. Saa ikiwa nyuma, cheti kizuri kabisa kitaonekana hakijaanza kutumika. Ikiwa mbele, kitaonekana kimekwisha muda.

Mashine pepe hupotewa na saa kwa urahisi kuliko kompyuta ya kawaida, hasa inaposimamishwa kisha kuamshwa. Watumiaji wa chrony, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, hushangaa kuona huduma inaendelea kufanya kazi lakini saa hairekebiki. Sababu ni kwamba usanidi wake wa kawaida huwa na mstari `makestep 1.0 3`, unaoruhusu saa irukishwe mara moja katika vipimo vitatu vya kwanza tu baada ya huduma kuanza. Baada ya hapo hurekebishwa polepole mno, na pengo la siku kadhaa litachukua muda mrefu kuzibika. Ilazimishe:

chronyc makestep

Kama hakuna chrony, weka saa kwa mkono kwa `date -u -s` ukifuatisha tarehe ya sasa, halafu andika `hwclock --systohc` ili saa ya maunzi pepe nayo ifuate. Baada ya hapo rudia sasisho kabla ya kugusa kitu kingine. Idadi ya matatizo yanayoishia hapa ni kubwa kuliko watu wanavyotaka kukiri.

Hatua ya nne: Pima nafasi ndani ya mashine

Sasa ndipo zamu ya diski ya ndani. Tumia amri mbili, kwa kuwa diski inaweza kujaa kwa njia mbili:

df -h
df -i

Ya kwanza hupima ujazo, ya pili hupima idadi ya nafasi za kuandikishia mafaili. Seva iliyokusanya mamilioni ya mafaili madogo ya barua au ya vikao vya watumiaji inaweza kuwa na nusu ya diski tupu na bado ikajibu `No space left on device`.

Mhalifu mkubwa kwenye mashine za zamani ni `/boot`, patisheni (sehemu ya diski) yenye mafaili ya kuwashia mfumo. Enzi zile patisheni hiyo ilitengwa ikiwa na MB mia mbili au tatu, kerneli (kiini cha Linux) zikiwa ndogo. Sasa kila kerneli mpya huja na faili lake la initramfs (mfumo mdogo unaosaidia mashine kuwaka) linaloweza kuzidi MB 50, na zile za zamani hazikuondolewa. Sasisho hufika kwenye kutengeneza initramfs, likakosa nafasi, na kila kifurushi kinachofuata kikakwama nyuma yake. Kwanza jua kerneli inayotumika sasa kwa `uname -r`, nayo usiiguse kamwe. Kisha ondoa zilizosalia: kwa Debian na Ubuntu `apt-get autoremove --purge` kwa kawaida inatosha, na kwa CentOS 7 tumia `package-cleanup --oldkernels --count=2`, inayopatikana kwenye kifurushi cha yum-utils. Ikiwa apt yenyewe imegoma kwa sababu ya kerneli iliyosakinishwa nusu, hamishia faili la initramfs, ambalo jina lake huanza na `initrd`, la kerneli mojawapo ya zamani kwenye `/root` kwa muda, maliza usakinishaji, ndipo uondoe vifurushi vya zamani kwa utaratibu.

Nafasi nyingine ya haraka hupatikana kwa `apt-get clean` au `yum clean all`, na kwa `journalctl --vacuum-size=100M` ikiwa logi zimevimba. Mafaili yaliyomo `/var/lib/dpkg` na `/var/lib/rpm` yaache yalivyo, hata kama ni makubwa, kwa sababu humo ndimo mfumo unamokumbuka umesakinisha nini.

Ikibidi kukuza diski, kazi ina ngazi tatu, na anayesahau moja huona diski haijakua. Mashine ikiwa imezimwa, kuza faili la diski: `qemu-img resize diski.qcow2 +10G` kwa KVM, au `VBoxManage modifymedium disk diski.vdi --resize 40960` kwa VirtualBox, ambapo tarakimu hiyo ni ukubwa mpya wote kwa MB. Snapshoti zilizopo huzuia au kutatiza kazi hii, kwa hiyo zifute kwanza, ukuze diski, kisha uchukue nyingine. Iwashe mashine na ukuze patisheni, mathalani `growpart /dev/vda 1`. Mwisho kuza mfumo wa mafaili wenyewe kwa `resize2fs /dev/vda1` kama ni ext4, au `xfs_growfs /` kama ni XFS. Mtego uliozoeleka kwenye Debian iliyosakinishwa kwa mpangilio wa kawaida ni patisheni ya swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) kukaa mara tu baada ya patisheni kuu na kuifungia njia. Hapo itabidi uizime kwa `swapoff`, uifute, na baadaye utumie faili la swap badala yake. Usisahau kuondoa mstari wake kwenye `/etc/fstab`, la sivyo mashine itakawia kuwaka ikiisubiri diski isiyokuwepo.

Hatua ya tano: Hakiki mtandao na anwani za hazina

Anza kwa kuuliza kama mashine inaweza kutafsiri majina ya seva kuwa anwani za mtandao: `getent hosts deb.debian.org`. Ukikosa jibu, tazama `/etc/resolv.conf`. Mashine iliyohamishwa kutoka mtandao mwingine mara nyingi hubaki na anwani ya DNS ya huko, na pia mipangilio ya proksi iliyokufa zamani. Proksi hiyo hujificha mahali patatu: kwenye `/etc/apt/apt.conf.d/`, kwenye mstari wa `proxy=` wa `/etc/yum.conf`, na kwenye vigeu vya mazingira `http_proxy` na `https_proxy`. Ikiwa mafaili madogo yanashuka lakini makubwa yanaganda, hasa pale mashine mwenyeji inapotumia VPN, jaribu kupunguza ukubwa wa paketi kwa `ip link set dev eth0 mtu 1400`, ukiweka jina halisi la kiunganishi chako.

Mtandao ukiwa mzima na bado unapata `404 Not Found` au `does not have a Release file`, jua kwamba toleo lako limehamishwa. Miradi hii haiweki matoleo yaliyostaafu kwenye seva zake za kila siku. Huyapeleka kwenye ghala la kumbukumbu. CentOS 6 ilifikia mwisho wa usaidizi tarehe 30 Novemba 2020, CentOS 8 tarehe 31 Desemba 2021, na CentOS 7 tarehe 30 Juni 2024. Baada ya hapo anwani ya `mirrorlist.centos.org` iliacha kujibu, ndiyo maana mashine hizo husema `Could not resolve host` hata mtandao ukiwa hauna hitilafu, na mtu akahangaika na DNS bure. Kwa CentOS 7, elekeza mipangilio kwenye ghala:

sed -i -e 's/^mirrorlist=/#mirrorlist=/' -e 's|^#\s*baseurl=http://mirror.centos.org|baseurl=http://vault.centos.org|' /etc/yum.repos.d/CentOS-*.repo

Kwa Debian 9, ambayo usaidizi wake wa muda mrefu uliisha tarehe 30 Juni 2022, faili la `/etc/apt/sources.list` libaki na mistari hii miwili tu:

deb http://archive.debian.org/debian stretch main
deb http://archive.debian.org/debian-security stretch/updates main

Matoleo ya Ubuntu yasiyo ya LTS, yaani yasiyo na usaidizi wa muda mrefu, huhamia `old-releases.ubuntu.com`. Yale ya LTS, kama 16.04 na 18.04, yamebaki kwenye seva za kawaida, kwa hiyo usiyahamishe kwa kukisia. `404` kwenye toleo la LTS mara nyingi hutokana na seva ya karibu iliyoacha kuhudumu, na tiba yake ni kurudisha anwani ya `archive.ubuntu.com`.

Ghala lina tabia moja ya kuudhi: mafaili yake ya orodha hayatengenezwi upya, kwa hivyo apt inaweza kulalamika kwamba yamekwisha muda. Saa ikiwa sahihi, unaweza kuizima hundi hiyo kwa amri moja bila kuiacha imezimwa daima:

apt-get -o Acquire::Check-Valid-Until=false update

Elewa vilevile unachokipata. Ghala hukuwezesha kusakinisha kifurushi kilichokosekana na kufikia hali ya mwisho ya toleo lile, lakini halina viraka vipya vya usalama. Linafaa kama daraja la kuvukia kwenda toleo linalofuata. Debian hupandishwa toleo moja kwa wakati, bila kuruka. Kuitoa mashine kwenye Debian 8 hadi 12 ni kupanda mara nne, na kila ngazi ina makosa yake. Mimi nikiona ngazi zimezidi mbili, husakinisha mashine mpya na kuhamisha data, isipokuwa pale programu iliyomo ilipofungwa kwa namna ambayo hakuna anayekumbuka jinsi ilivyosakinishwa.

Hatua ya sita: Vyeti na funguo za saini

Makosa ya kundi hili hufanana kwa sura lakini hutofautiana kwa tiba. Ukiona `certificate verify failed`, shida iko kwenye mawasiliano ya HTTPS. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha msingi kiitwacho DST Root CA X3 kilikwisha muda, na mifumo inayotumia maktaba ya usimbaji ya OpenSSL ya kabla ya 1.1.0 ilianza kukataa tovuti nyingi zenye vyeti vya Let's Encrypt ingawa vyeti hivyo vilikuwa halali. Tiba ni kusasisha kifurushi cha `ca-certificates`, na hapo unaingia kwenye duara: unahitaji HTTPS ili upate kifurushi kitakachorekebisha HTTPS. Njia ya kutoka ni kubadilisha anwani ya hazina iwe `http` kwa muda. Usalama wa vifurushi vya apt haupotei kwa kufanya hivyo, maana uhalisi wake huthibitishwa kwa saini ya orodha wala si kwa njia iliyovisafirisha.

Mashine kongwe zaidi, kama CentOS 5 iliyo na OpenSSL 0.9.8, hazijui kabisa TLS 1.2, itifaki ya usalama ya HTTPS, na hakuna cheti kitakachozisaidia. Vifurushi vyake vitashushwa kwenye mashine nyingine na kuletwa ndani.

Ukiona `NO_PUBKEY`, mashine haina ufunguo wa kuhakiki saini; ukiona `EXPKEYSIG`, inao lakini umekwisha muda. Katika hali zote mbili chukua kifurushi kipya cha funguo, `debian-archive-keyring` au `ubuntu-keyring`, kwenye mashine unayoiamini, ukilete na ukisakinishe kwa `dpkg -i`. Utakutana na ushauri wa kuandika `[trusted=yes]` kwenye sources.list. Hufanya kazi, na ndiyo hatari yake: baada ya hapo mashine itapokea kifurushi chochote kutoka kwa yeyote atakayejifanya seva hiyo.

Ujumbe wa `Hash Sum mismatch` una historia yake. Jaribu kwanza kufuta orodha za zamani kwa `rm -rf /var/lib/apt/lists/*` na kusasisha upya, kwa kuwa proksi huweza kutoa nakala iliyochakaa. Ukiendelea, na mashine yako iko ndani ya VirtualBox juu ya Windows ambayo Hyper-V (mfumo wa Windows yenyewe wa mashine pepe) imewashwa, kosa laweza kuwa kwenye hesabu zenyewe: maktaba ya gcrypt hutumia maelekezo ya prosesa ambayo katika mseto huo huleta majibu yasiyo sahihi. Iambie isiyatumie:

mkdir -p /etc/gcrypt
echo all > /etc/gcrypt/hwf.deny

Hatua ya saba: Vifurushi vilivyokatika katikati

Ikiwa sasisho lilikatizwa, Debian na Ubuntu hurekebishwa kwa `dpkg --configure -a` ikifuatiwa na `apt-get -f install`. Ukiambiwa kwamba faili la kufuli limeshikwa, usikimbilie kulifuta. Tazama kwa `ps aux | grep -E 'apt|dpkg'` ni nani anayelishika. Mara nyingi ni sasisho la kujiendesha lililoanza lenyewe mara mashine ilipowaka baada ya kulala miezi mingi, na linahitaji dakika chache tu limalize.

Neno `Killed` likitokea peke yake bila maelezo, mashaka yaelekeze kwenye RAM. Mashine iliyopewa MB 512 wakati wake ilitosha, lakini yum na dnf za leo hupakia orodha kubwa. Thibitisha kwa `dmesg | grep -i 'out of memory'`, kisha uiongezee RAM kutoka nje, au tengeneza swap ya GB 1:

dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=1024
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Hatua ya nane: Prosesa ambayo mashine inaiona

Hili ndilo kosa linalowashangaza hata wazoefu, kwa sababu kompyuta halisi inaweza kuwa mpya kabisa. Haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, haionyeshi lazima prosesa iliyopo. Huonyesha ile iliyochaguliwa mashine ilipotengenezwa. QEMU isipoelekezwa hutumia muundo wa `qemu64`, na Proxmox kabla ya toleo la 8 ilitumia `kvm64`, yote miwili ikikosa maelekezo kama SSE4.2. RHEL 9 (Red Hat Enterprise Linux) na ndugu zake zinataka prosesa ya kiwango cha x86-64-v2, na RHEL 10 imepanda hadi x86-64-v3. Ukijaribu kupanda bila kurekebisha hilo, utakuta kosa hili:

Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2

Kagua mapema, kabla ya kupanda toleo, kwa `grep -c sse4_2 /proc/cpuinfo`. Jibu likiwa sifuri, izime mashine, fungua mipangilio yake kwa `virsh edit`, na uweke `<cpu mode='host-passthrough'/>`. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba mashine haitahamishika kwa urahisi ikiwa hai kwenda kwenye mwenyeji mwenye prosesa tofauti. Kama unahitaji kuhama, chagua muundo wa kati unaokidhi kiwango kinachotakiwa.

Ikiwa mashine yako ni ya biti 32, njia inakaribia ukingoni: tangu Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, hakuna tena kisakinishi wala kerneli ya i386.

Mashine ya Windows

Saa, nafasi na mtandao hukaguliwa kwanza vilevile, na namba za makosa zenyewe hukuelekeza huko: `0x80070070` ni diski kujaa, na `0x80072F8F` kwa kawaida ni saa au cheti. Namba `0x80073712` na `0x800F081F` humaanisha kwamba ghala la ndani la vijenzi limeharibika au limepungukiwa. Fungua terminali kwa mamlaka ya msimamizi, uandike:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

Fuata mpangilio huo, kwa kuwa sfc huchukua mafaili yake kwenye ghala ambalo DISM imelitengeneza. Kama sasisho linashuka na kukwama asilimia ileile kila mara, simamisha huduma kwa `net stop wuauserv` na `net stop bits`, badilisha jina la folda ya `C:\Windows\SoftwareDistribution`, kisha uziwashe tena. Windows itatengeneza folda mpya.

Windows 7 na Server 2008 R2 zina shida ya pekee. Microsoft iliacha kutia saini masasisho kwa SHA-1, na mashine iliyosakinishwa kutoka diski ya zamani haiwezi kuzisoma saini za SHA-2. Pakua kwa mkono KB4490628 na KB4474419, sakinisha kwa mfuatano huo, kisha endelea.

Kwenye Windows 10, namba `0x80070643` iliyoambatana na KB5034441 ya Januari 2024 ilitokana na patisheni ya urejeshaji kuwa ndogo, kwani sasisho lilitaka MB 250 zilizo wazi humo. Diski pepe ndogo za zamani ziliathirika sana, na dawa ni kuikuza patisheni hiyo. Namba zinazoanza na `0xC1900101` huashiria draiva: ondoa programu saidizi za VirtualBox au VMware, pandisha toleo, kisha uzisakinishe upya.

Hatua ya mwisho: Kuwasha upya na kufuta snapshoti

Sasisho lililokwisha bila kosa bado halijathibitika hadi mashine iwake. Ikigoma, chagua kerneli ya awali kwenye menyu ya GRUB inayotokea wakati wa kuwaka. Ikiwaka kwa hiyo, initramfs ya kerneli mpya ndiyo yenye kasoro, na utaitengeneza upya kwa `update-initramfs -u -k all` au `dracut -f --regenerate-all`. Mashine iliyohamishwa kutoka VMware kwenda KVM huathirika zaidi, kwa sababu dracut, chombo cha jamii ya CentOS cha kutengeneza initramfs, huweka draiva za maunzi inayoyaona wakati huo tu. Ongeza `--no-hostonly` ili draiva za virtio, zinazotumiwa na KVM, ziingie. Ikiwaka lakini haina mtandao, andika `ip link` uone kama `eth0` imebadilika jina na kuwa `ens3` au linalofanana nalo, kisha rekebisha faili la mipangilio lifuate jina jipya.

Rudia `LC_ALL=C apt-get update`, au `yum makecache`, uhakikishe kwamba hakuna mstari hata mmoja wa `E:` au `W:`. Iache mashine ifanye kazi siku mbili tatu, kisha ufute snapshoti ya mwanzo. Ikiachwa, itaendelea kuvimba kimya kimya hadi diski ya mwenyeji ijae, na utajikuta umerudi kwenye `paused` ya hatua ya kwanza. Kufuta huko huunganisha mabadiliko yote kwenye diski ya awali na kunaweza kuchukua muda mrefu. Usiizime mashine mwenyeji hadi kazi hiyo imalizike.